Lugha ya C kwa Kalamu na Karatasi



Mtahiniwa wa Structured Programming, somo la moduli ya kwanza katika stashahada ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya Baraza la Mitihani la Kenya, haketi mbele ya kompyuta siku ya mtihani. Anakuta dawati, karatasi ya maswali na kijitabu cha majibu. Ana saa tatu. Maswali ni manane, anajibu matano, na kila swali lina alama 20. Programu za C ataziandika kwa kalamu, mstari baada ya mstari, bila kompaila ya kumwambia kwamba amesahau nukta mkato, na bila kitufe cha kubonyeza ili aone kama programu inatoa jibu. Kazi yote ya mashine itafanyika kichwani mwake.

Vyuo vingi vimeshahamia mtaala wa umilisi chini ya TVET CDACC, ambako mwanafunzi hupimwa pia kwa vitendo. Hata huko, sehemu ya maandishi ipo, na saa ipo ukutani. Kwa hiyo ninayoyasema yanawahusu nyote.

Ukilielewa jambo hili mapema, maandalizi yako yote yanageuka. Usipolielewa, utamaliza muhula ukibofya kompyuta za maabara mpaka programu ikubali, au utamaliza muhula ukilalamika kwamba maabara ina kompyuta chache na stima imepotea tena. Wanafunzi hawa wawili wanaonekana tofauti, lakini wote wanajiandaa kwa mtihani ambao hautakuja. Nimekuja kuwaambia kwamba mwanafunzi wa hapa Isiolo mwenye daftari, kalamu, saa na wenzake watatu ana karibu kila kitu anachohitaji ili afaulu somo hili. Nalisema kwa dhati, kwa sababu nimechoka kuona vijana wenye akili wakijiona wameshindwa kabla ya kuanza, eti wao ni wa kaskazini.

C yenyewe si ngeni kwa karatasi. Dennis Ritchie aliiunda mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara za Bell nchini Marekani, na mwaka 1973 kiini cha mfumo wa Unix kiliandikwa upya kwa lugha hiyo. Mwaka 1978 Ritchie na Brian Kernighan walitoa kitabu chao kuhusu C, na mwaka 1989 lugha ikapata kiwango rasmi Marekani. Katika miaka ile ya mwanzo mashine zilikuwa chache mno na muda wake ghali. Mara nyingi mtu aliandika programu kwenye karatasi, akaipitia mezani kwa kidole, ndipo akaipeleka. Kukagua programu kwa macho kulikuwa sehemu ya ufundi wa kila siku. Na msidhani tunasoma kitu kilichokufa: Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa C, na kila simu ya Android iliyo ukumbini humu inaendeshwa juu ya kiini cha Linux.

Tena C ni ndogo. Kiwango cha 1989 kina maneno maalumu 32 tu. Ugumu hauko kwenye wingi wa mambo. Uko kwenye kufuata kila hatua bila kuruka.

Tazameni mistari hii minne. Nimeiandika ubaoni na nataka kila mmoja aifanye kimya kabla sijaendelea.

int i, jumla = 0;
for (i = 1; i <= 10; i = i + 3)
    jumla = jumla + i;
printf("%d %d", i, jumla);

Wengi watasema inachapisha 10 na 22. Hiyo 22 ni sahihi. Hiyo 10 si sahihi. Chora jedwali lenye safu mbili, moja ya i na moja ya jumla. i ni 1, jumla inakuwa 1. i ni 4, jumla 5. i ni 7, jumla 12. i ni 10, sharti bado linatimia, jumla 22. Hapa ndipo watu wanapofunga daftari. Lakini mzunguko haujaisha: i inaongezwa tatu, inakuwa 13, sharti linakaguliwa, linakataa, ndipo tunatoka. Kinachochapishwa ni 13 na 22. Anayefuata nyayo za ngamia aliyepotea haruki hata wayo mmoja kwa sababu anadhani anajua alikoelekea. Anainama penye kila alama. Jedwali la kufuatilia ndivyo lilivyo, na aliyezoea kulichora hawezi kudanganywa na swali la aina hii.

Sasa weka nukta mkato moja mwishoni mwa mstari wa for. Programu bado ni halali, kompaila inaipokea. Ila mzunguko sasa hauna mwili. i inapanda peke yake hadi 13, halafu mstari wa jumla unatekelezwa mara moja tu, na kinachochapishwa ni 13 na 13. Mtahini anayetaka kujua kama umeelewa au umekariri anaweza kukupima kwa nukta mkato hiyo moja.

Nikumbushe mitego mingine ambayo hurudi kila mwaka kwenye madaftari ya wanafunzi. Karatasi za miaka iliyopita zimekuwa zikiuliza Pascal na C ndani ya mtihani mmoja, na hapo mikono huchanganyikiwa. Pascal, aliyoitoa Niklaus Wirth mwaka 1970, huweka thamani kwa := na hulinganisha kwa alama moja ya sawasawa. C huweka thamani kwa alama moja na hulinganisha kwa mbili. Mwanafunzi aliyetoka kujibu swali la Pascal akiandika if (alama = 50) kwenye swali la C, hajaandika upuuzi ambao mashine itaukataa. Ameamuru kila mtahiniwa apewe 50, na sharti lake linatimia daima. Shauri langu ni kwamba ukifanya mazoezi usizichanganye lugha hizi mbili jioni moja mpaka wiki mbili za mwisho, na zikifika wiki hizo, zichanganye kwa makusudi, swali hili Pascal na linalofuata C, ili mkono ujifunze kubadilika.

Kuna mgawanyo wa namba kamili. Hapa joto tunalijua, basi chukueni swali la kugeuza Fahrenheit kuwa Selsiasi. Mwanafunzi anaandika (5/9)*(f-32), anaweka 95, anatarajia 35. Mashine itampa sifuri. Tano kugawa kwa tisa, namba zote zikiwa kamili, ni sifuri katika C, na sifuri mara chochote ni sifuri. Aandike 5.0/9. Kosa hilohilo hujificha kwenye swali la wastani wa alama, ambalo ni miongoni mwa maswali yanayopendwa sana.

Halafu mfuatano wa herufi. Isiolo ina herufi sita, lakini char mji[7] ndiyo inayotosha, kwa sababu C huweka alama ya mwisho, \0, baada ya herufi ya mwisho. Anayetoka Garba Tulla ana tatizo zaidi: akitumia scanf("%s", mji) na kuandika jina la kwao, programu itashika Garba peke yake, maana scanf kwa %s hukoma penye nafasi. Madaftari mengi bado yanafundisha gets kama tiba. Iacheni. Kiwango cha mwaka 2011 kiliiondoa kabisa, kwa sababu haina namna ya kujua nafasi uliyotenga imeishia wapi. Tengeni safu inayotosha jina zima, andikeni fgets(mji, sizeof mji, stdin), na mkumbuke kwamba inabeba pia alama ya mstari mpya ikiwa nafasi ipo. Na pale mnaposoma namba kwa scanf, ile alama ya & kabla ya jina la kigeu isisahaulike. Ninapopitia madaftari, hakuna kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko hilo.

Nigeukie namna ya kufanya mazoezi, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka tukae.

Ketini wanne mezani. Mmoja ndiye msomaji wa programu. Wengine kila mmoja ni kigeu: wewe ni x, yule ni y, yule mwingine ni jumla. Kila kigeu ana kipande cha karatasi chenye thamani moja tu. Msomaji anatamka mstari, na kigeu anayeguswa anakata thamani ya zamani na kuandika mpya. Hakuna ruhusa ya kushika thamani mbili, wala ya kukumbuka iliyokatwa. Msomaji haruhusiwi kueleza, anatamka kilichoandikwa basi. Mkifika mwisho, someni vipande na mlinganishe na jibu ambalo kila mmoja alikuwa ameliandika kabla.

Mkishazoea, fanyeni fanksheni ya kubadilishana thamani, ile ambayo wanafunzi wengi hukariri bila kuielewa. Ndani ya main x ni 4 na y ni 9. Inaitwa badili(x, y). Unganeni na kikundi kingine, na meza ya pili wakae a, b na kigeu cha tatu cha kupitishia. a na b wapewe nakala: a anaandika 4, b anaandika 9. Wabadilishane kupitia kigeu cha tatu, a awe 9 na b awe 4. Fanksheni imekwisha, meza ya pili wanararua vipande vyao. Sasa muulizeni x ana ngapi. Ana 4, hakuguswa na mtu. Nimeona nyuso za wanafunzi zikibadilika penye hatua hiyo, na ni mwanafunzi yuleyule aliyekuwa amesoma maneno ya kwamba thamani hupitishwa kwa nakala mara nyingi bila kumwingia. Rudieni tena, safari hii a na b wasipewe thamani bali waandikiwe mahali alipoketi x na mahali alipoketi y, na amri iwe waende pale wakaandike. Hiyo ndiyo pointa, na ndiyo sababu ya badili(&x, &y). Mtaifanya kwa robo saa.

Simu nayo ina nafasi yake, ila ije baada ya kalamu. Kwenye Android unaweza kuweka Termux, ukaongeza clang, na ukawa na kompaila ya C ambayo ikishapakuliwa haihitaji bando tena. Andika jibu kwenye karatasi kwanza, kwa saa, kama siku ya mtihani. Kisha lichape kwenye simu vilevile lilivyo, pamoja na makosa yake, hata yale uliyoyaona ukichapa. Kompaila ndiye msahihishaji wako. Kila kosa inalolitaja, au linaloonekana programu ikitoa jibu lisilo sahihi, liandike kwenye daftari la makosa: mstari ulioandika, na mstari uliotakiwa. Baada ya majuma machache utaona kwamba makosa yako si mengi. Ni machache, na ni yaleyale. Mmoja husahau mabano ya kufunga, mwingine huanza kuhesabu safu (array) kutoka moja badala ya sifuri, akafika a[5] kwenye safu ya vipengele vitano ambayo inaishia a[4]. Soma daftari hilo usiku wa kuamkia mtihani, uache vitabu vinene.

Nawaomba pia msione haya kujadiliana kwa lugha mnazozifikiria. Kikundi cha wanafunzi wa mitaa ya Kulamawe na Bulla Pesa mara nyingi kina Mborana, Mmeru, Msomali, Mturkana na Msamburu, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Bishaneni kwa Kiswahili, kwa Kiborana, kwa chochote, mpaka jambo lieleweke. Lakini kijitabu kinatakiwa kujazwa kwa Kiingereza, na maagizo ya karatasi yanasema hivyo waziwazi. Kwa hiyo kabla kikundi hakijatawanyika, kila mmoja aandike kwa Kiingereza, sentensi mbili, tofauti ya while na do-while, au ya kompaila na intapreta. Maswali ya kutofautisha na kueleza huja kila mara, na wanafunzi wanaoelewa vizuri hupoteza alama kwa sababu hawajawahi kuliandika jibu hilo hata mara moja.

Kuhusu saa. Dakika ni 180. Toa kumi za mwanzo kwa kusoma maswali yote manane, na kumi za mwisho kwa kukagua. Zinabaki 160, yaani 32 kwa kila swali, au dakika moja na nusu na kidogo kwa kila alama. Kipengele cha alama nne kisikule zaidi ya dakika saba. Muda ukiisha, acha nafasi, nenda mbele, utarudi. Anayejibu maswali matatu kwa ustadi na kuacha mawili ameshajinyima alama 40 kwa hiari yake. Na programu usiyoweza kuimaliza usiiache tupu: andika vigeu, andika usomaji wa data, andika mzunguko unaoujua, weka printf ya mwisho. Alama za programu kwa desturi hutolewa kwa vipande.

Kwa wale wanaotembea wakitafuta karatasi zilizovuja au wakiandika mwakenya, sitasema mengi. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inalihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai, na hata likifichika, mwaka unaofuata mwanafunzi huyo anakutana na programu za hatua ya pili bila msingi wowote.

Wazazi, nina neno nanyi. Kuna vijana hapa waliotoka Merti na Kinna, wanaishi kwa shangazi na kwa binamu, na jioni wanatumwa dukani, wanachota maji, wanalea watoto. Wasichana ndio wanaobeba zaidi. Sisemi kazi za nyumbani ziachwe. Nasema saa moja na nusu iliyotengwa, ileile kila siku, isiyokatizwa, ina thamani zaidi kuliko kukesha usiku mzima mwezi wa mtihani. Hapa kwetu jua likipanda akili huchoka, basi baada ya sala ya Alfajiri, kabla upepo na vumbi havijaanza, ndio wakati mzuri. Mpeni mwanenu wakati huo na mumpe saa ya kujipima. Hamhitaji kujua C ili kumuuliza leo ameandika kosa gani jipya kwenye daftari lake.

Na walimu wenzangu, tupunguze kutoa maelezo kwa imla. Mwanafunzi aliyenakili kurasa arobaini za maelezo na hajawahi kuchora jedwali la kufuatilia hata moja, sisi ndio tuliomwangusha. Kila kipindi kianze na mistari minne ubaoni na swali moja: kinachapishwa nini? Dakika tano, kalamu mkononi, kisha tuwasikilize wanavyobishana kabla hatujatoa jibu.

Ninalo ombi la kumalizia, na nataka tulijibu kabla hatujatoka humu. Vyuo vilivyo Isiolo vikubaliane Jumamosi moja kila mwezi kuanzia sasa hadi mtihani. Saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, ukumbi mmoja, karatasi moja ya miaka iliyopita, maswali manane na kujibu matano, simu zikiwa mezani kwa msimamizi. Alasiri wanafunzi wa chuo hiki wasahihishe vijitabu vya chuo kile, kwa mwongozo ambao walimu wameuandaa pamoja, kwa sababu hakuna anayejifunza kuandika C inayosomeka kama yule aliyelazimika kusoma C ya mtu mwingine. Gharama ni karatasi, wino na chai. Walimu watatu wakiandika majina yao kwenye daftari lililo hapa mlangoni, Jumamosi ya kwanza tutaipanga leo hii.